Ukiitwa ofisini, usiende peke yako

Usiku mmoja wa mwezi wa tatu, umeme umekatika Katuba nzima, mtaa wetu wa Lubumbashi, Kongo, simu yangu ilitikisika mezani. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mdogo wangu. Yeye yuko Marekani, anasomea udaktari wa kemia katika chuo kikuu cha jimbo, na huku akisoma anawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza maabarani na kusahihisha mitihani yao. Aliongea kwa sauti ya chini sana, akaniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, baliniita ku biro. Kesho asubuhi. Profesa anasema nilichelewesha alama za watoto. Nifanye namna gani?"

Nilimjibu papo hapo: usiende weye moya. Kisha nikabaki gizani, moyo unanidunda, kwa sababu miaka kumi na moja iliyopita niliitwa mimi, hapa hapa Lubumbashi, na mimi nilikwenda peke yangu.

Nilikuwa asistanti, msaidizi wa kufundisha chuoni, katika mandati yangu ya kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha kuteuliwa. Muhula ule nilipewa kopi 412, yaani karatasi za mitihani, za kusahihisha. Nilizisahihisha usiku kwa usiku, taa ya simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ili mwanga uangukie karatasi, na ilipoishiwa chaji niliwasha mshumaa. Siku ya Ijumaa nikazipeleka alama kwenye bahasha ya kaki, nikamkabidhi profesa mkononi, mlangoni pa gari lake. Akanishukuru. Hakuna aliyesaini chochote. Sikuomba akize, ile nakala yenye muhuri na tarehe inayothibitisha kwamba barua imepokelewa, kwa sababu kumwomba mzee wako akusainie kwamba umempa bahasha kulionekana kama kumwambia usoni kwamba humwamini.

Wiki tatu baadaye alama za kundi moja zilikuwa hazionekani. Wanafunzi walipiga kelele, nikaitwa. Nyuma ya meza walikaa watu watatu, mbele yao kiti kimoja. Nilieleza mambo ya bahasha. Profesa aliangalia dirishani. Mkubwa wa idara akasema kwa upole, na upole ule ndio ninaoukumbuka kuliko kitu kingine: "Andika tu kwamba unakubali kosa, tumalize. Weye ni mtoto wetu." Nikaandika, nikasaini. Primu yangu ya muhula, ile posho ya chuo, ikakatwa, na mandati yangu ilipofika wakati wa kuongezwa, karatasi ile ilitolewa kwenye faili na kuwekwa juu ya meza. Nilipoteza karibu mwaka na nusu.

Neno "mtoto wetu" nimelifikiria sana tangu siku ile. Sisemi lilikuwa la uongo. Yule profesa alinifundisha kusoma takwimu, alikuja matangani baba yangu alipofariki, na hadi leo nikikutana naye namwinamia. Lakini mtoto hahesabiwi saa za kazi. Mtoto hana mkataba. Mtoto akitumwa dukani haulizi atalipwa nini, na akikosea anaomba msamaha hata kama kosa halijulikani ni la nani. Nilipokubali kuitwa mtoto ndani ya chumba kile, niliacha mlangoni kitu pekee ambacho kingenilinda, nacho ni kwamba nilikuwa mfanyakazi aliyefanya kazi, mwenye haki ya kuulizwa kama mfanyakazi.

Nilidhani hili ni jambo letu, la heshima zetu za hapa. Mdogo wangu ndiye aliyenionyesha kwamba kule nako vita ni ya neno hilohilo. Vyuo vikuu vya Marekani vimebishana kwa miaka mingi kwamba anayefundisha huku akisomea udaktari ni mwanafunzi tu, na kufundisha ni sehemu ya malezi yake. Mwaka 2000 bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi iliamua, katika kesi ya Chuo Kikuu cha New York, kwamba hao ni wafanyakazi na wanaweza kuwa na chama. Mwaka 2004, katika kesi ya Brown, bodi hiyohiyo ikageuka ikasema hapana. Mwaka 2016, katika kesi ya Columbia, ikarudi kusema ndiyo. Mtu aliyeanza masomo mwaka 2003 angeweza kulala mfanyakazi na kuamka mwanafunzi, mikono yake ingali na vumbi la chaki ileile.

Hayo ni ya vyuo binafsi, vinavyosimamiwa na sheria ya kazi ya taifa ya mwaka 1935. Vyuo vya serikali, kama cha mdogo wangu, vinafuata sheria ya kila jimbo, na huko nako hakuna kilichopigiliwa misumari. Wasaidizi wa kufundisha wa Madison, jimbo la Wisconsin, waliunda chama chao mwaka 1966, wakagoma mwaka 1970 na kupata mkataba. Mwaka 2011 sheria ya jimbo iliwapokonya wafanyakazi wengi wa umma haki ya kujadiliana mikataba kama ile. Naitaja Wisconsin kwa sababu vijana wetu hapa hudhani kwamba wenzao wa ng'ambo walizaliwa na haki mkononi. Walizipigania, na baadhi yao wamezipoteza.

Jambo moja lilinifurahisha kweli. Wanafunzi wengi wa udaktari wa kule wako ndani ya sendika, yaani chama cha wafanyakazi, ya watengeneza magari, ile ya United Auto Workers. Mnamo tarehe 14 Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, katika kampasi zake zote kumi, waligoma chini ya sendika hiyo, na mgomo haukuisha hadi tarehe 23 Desemba. Mtu anayepima molekuli na mtu anayefunga milango ya gari wanalipa ada kwenye mfuko mmoja. Nilipomwambia mama, alicheka kwa furaha. "Baba yako angeelewa hiyo," alisema.

Angeelewa, ndiyo. Baba alifanya kazi mgodini maisha yake yote. Karatasi zake za mshahara alizitunza katika kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa mpira mweusi uliokatwa kwenye tairi la baiskeli, mwezi juu ya mwezi. Mimi, binti yake mwenye diploma, nilimwona kama mtu wa zamani anayeng'ang'ania makaratasi. Hata siku moja sikujiuliza kwa nini mtu asiyeweza kuandika barua ya ukurasa mzima alikuwa mwangalifu wa karatasi kuliko mimi.

Na mji huu ulipaswa kunifundisha. Mwezi wa Desemba mwaka 1941, Lubumbashi ikiitwa Élisabethville, wafanyakazi weusi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Wazungu wa kampuni ileile walikuwa na chama chao, weusi walikatazwa. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi, wakaua watu kwa makumi. Aliyesimama kusema kwa niaba yao aliitwa Léonard Mpoyi, naye aliuawa palepale. Hakuwa mchimbaji. Alikuwa karani, mtu wa kalamu, msomi kwa kipimo cha siku zile, na angeweza kukaa ofisini na kujihesabu kwamba yeye si wa kundi lile. Waafrika waliruhusiwa kuunda sendika mwaka 1946. Kila ninaposikia asistanti akisema "sendika ni mambo ya wafanyakazi, sisi ni wasomi", namkumbuka karani yule.

Nirudi kwa mdogo wangu.

Usiku uleule alimwandikia mjumbe wa sendika wa idara yake, naye kesho yake akamkuta mlangoni dakika kumi kabla ya wakati. Haki hiyo ya kutokwenda peke yako kule ina historia yake, na ni historia ya kuku. Katika duka moja la Texas, mwanamke aitwaye Leura Collins alishukiwa kwamba alichukua boksi la kuku la dola 2 na senti 98 akaweka dola 1 tu kwenye mashine ya fedha. Aliulizwa maswali chumbani, akaomba mjumbe wa chama chake aitwe, akakataliwa zaidi ya mara moja. Baadaye ikajulikana alinunua kuku wa dola 1 kweli, ila maboksi madogo yalikuwa yamekwisha, wakamtilia vipande vyake katika boksi kubwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1975 ikaamuliwa kwamba mfanyakazi mwenye chama, akihojiwa katika mazungumzo anayoona kwa haki kwamba yanaweza kumletea adhabu, anaweza kudai mwakilishi awepo. Majimbo mengi yanawapa wafanyakazi wa umma ulinzi wa aina hiyo.

Kuna kipengele watu hukisahau: haki hii haiji yenyewe. Mwajiri halazimiki kukukumbusha. Ni wewe unayepaswa kufungua mdomo na kusema kwamba kama mazungumzo haya yanaweza kuniletea adhabu, namwomba mjumbe wangu awepo. Unaweza kuyasema katikati ya kikao, hata ukiwa umeshakaa. Mimi ningekuwa na sentensi hiyo moja siku ile, ningeitumia.

Ndani ya chumba mjumbe hakupiga kelele. Aliuliza maswali mawili: anashutumiwa nini hasa, na kimeandikwa wapi? Mdogo wangu akafungua kompyuta akaonyesha barua pepe ya siku alipotuma alama, yenye saa na dakika. Dakika ishirini zikatosha. Profesa alikuwa amesahau kuifungua.

Lakini mjumbe hakuishia hapo. Walipotoka alimuuliza, "Hivi wewe unafanya kazi saa ngapi kwa wiki?" Hakujua. Mkataba wao unasema saa 20. Akamwambia aanze kuandika, siku kwa siku: maandalizi, darasa, ofisi ya kupokea wanafunzi, kusahihisha, hata kujibu barua pepe za saa sita usiku. Wiki ya kwanza ikatoka 19, ya pili 22, ya tatu 24.

Hapo ndipo akaogopa kweli. Visa ya mwanafunzi haimruhusu mgeni kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki chuoni wakati masomo yanaendelea. Kwa hiyo mzigo uliozidi ulikuwa unamwibia mara mbili: ulimchukulia jasho bila malipo, na ulimweka mahali ambapo kusema ukweli kulimtisha kuliko kunyamaza. Wageni wengi wananyamaza kwa sababu hiyo, na mzigo wao unazidi kukua kwa sababu wamenyamaza. Mjumbe alimshauri mambo mawili. Daftari asilipeleke popote kabla ya sendika na mwanasheria wa uhamiaji kuliona. Na asisubiri mwisho wa muhula, kwa sababu saa zinapoanza kupanda, wiki ileile, ndipo mtu anaandika kwa msimamizi: kazi hizi nilizopewa hazitoshei ndani ya saa 20, niondolewe ipi? Barua fupi, ya heshima, yenye tarehe. Baada ya barua hiyo chuo kilimpata mtu wa pili wa kusahihisha.

Kama kingekataa, kulikuwa na njia ya malalamiko rasmi ndani ya mkataba, na njia hiyo ina saa inayotembea. Katika mkataba wake ni siku 30 tangu ulipojua umedhulumiwa. Siku ya 31, hata haki yako iwe nyeupe kama unga wa bukari, mlango umefungwa. Kwa vyuo binafsi, shauri la kupeleka kwa bodi ya taifa lina miezi sita. Naandika tarakimu hizi kwa sababu nimewaona watu wazuri wakipoteza haki zao kwa uvumilivu. Sisi tunalelewa kuvumilia, tunaambiwa subiri, mzee atatulia. Muda unapita, na mwenye kuvumilia anaambiwa mbona hukusema mapema.

Jambo jingine alilofundishwa lilinishangaza mwanzoni. Ukipewa amri unayoona inavunja mkataba, kwa kawaida unaitekeleza kwanza, kisha unalalamika kwa maandishi. Ukikataa palepale, mjadala unahama kutoka kwenye kosa la mkubwa na kuwa kuhusu ukaidi wako. Isipokuwa hatari ya mwili. Maabarani, mashine ya kufyonza mvuke wa kemikali ikiwa imekufa, humwagi asidi ili ukalalamike kesho ukiwa hospitalini.

Na sisi huku? Msomaji wa Bukavu au Goma ataniuliza, mambo ya Marekani yananihusu nini, mimi ambaye sijawa mekanize. Kwa asiyejua: kuwa mekanize ni jina lako kuingia kwenye mashine ya mishahara ya serikali, na kuna asistanti wenye barua ya kuteuliwa mkononi wanaofundisha miaka na miaka kabla jina halijaingia, wakiishi kwa primu ya chuo inayotoka kwenye ada za wanafunzi. Jeraha hilo siwezi kulifunga kwa daftari, linataka bajeti ya taifa na sendika zote kusimama pamoja.

Lakini si kweli kwamba hatuna kitu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inatambua uhuru wa sendika katika ibara ya 38 na haki ya kugoma katika ibara ya 39. Sheria ya Desemba 2018 inaweka hadhi ya wafanyakazi wa elimu ya juu na utafiti. Anayefundisha chuo binafsi kwa mkataba yuko chini ya sheria ya kazi ya Oktoba 2002, ambayo inasema wazi kwamba kuwa mwanachama wa sendika si sababu ya kumfukuza mtu, na kwamba mjumbe wa wafanyakazi hafukuzwi bila mkaguzi wa kazi kuidhinisha. Waulize asistanti kumi kama wameshawahi kuishika moja ya sheria hizo mkononi. Mimi nilikuwa shefu de travo tayari, ngazi iliyo juu ya asistanti, nilipoisoma kwa mara ya kwanza, kwenye simu, ndani ya basi la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na niliona aibu na hasira kwa pamoja.

Na tunayo desturi moja nzuri ambayo hatuitumii ipasavyo: barua ya kuomba maelezo. Mkubwa anayetaka kukuadhibu anakuandikia, anataja kosa, na mara nyingi anakupa saa 48 za kujibu. Watu wanaiogopa barua hiyo kama kifo. Mimi leo naiona ni rafiki, kwa sababu inamlazimisha anayekushutumu kuandika anachokushutumia. Chumba kile nilichosaini hakikuwa na barua. Kilikuwa na upole tu.

Mwaka jana asistanti mmoja wa idara yetu, binti mpole ambaye huwa halifungui daftari lake mpaka amelifuta vumbi, alinifuata nyumbani jioni. Alikuwa ameitwa. Alama, tena. Nilimwuliza kama ana barua. Hana, ameambiwa kwa mdomo aje "tuongee kama familia". Tukakaa mezani, tukaandika mistari minne: nimepokea wito wako wa mdomo, nitafurahi kuja, naomba unijulishe kwa maandishi jambo lenyewe, na nitafuatana na mjumbe wa sendika. Salamu za heshima, zote, kama inavyotakiwa. Asubuhi alizipeleka nakala mbili kwa sekretari. Alirudi na moja yenye muhuri wa zambarau na tarehe, ameishika kwa vidole viwili kana kwamba wino haujakauka.

Barua ya kuomba maelezo ilikuja siku tano baadaye. Alijibu ndani ya saa 48, na alikuwa na vitu vya kujibia: orodha ya kopi alizopokea, tarehe aliyozirudisha, saini ya aliyezipokea. Siku ya kikao mjumbe wetu, mzee mwenye mvi anayesikia vizuri kwa sikio moja, alikaa kando yake na kuandika kila kilichosemwa. Mtu mmoja upande wa pili wa meza alikasirika. "Tangu lini watoto wetu wanakuja na mashahidi?" aliuliza. Mzee akajibu kwa Kiswahili cha heshima kabisa kwamba mtoto yuko nyumbani kwao, hapa ameketi mfanyakazi wa chuo. Kisha akaomba irudiwe sentensi ya mwisho, polepole, apate kuiandika vizuri.

Hakuadhibiwa. Hakuombwa radhi pia. Wiki chache baadaye saa zake za kazi za vitendo zilipangwa zote Jumamosi, na hilo nalo tumeliandikia barua. Ina muhuri. Leo ni siku ya kumi na saba, hatujajibiwa, na tarehe ya kwenda ngazi ya juu tumeshaiweka: Jumatatu ijayo.

Mdogo wangu alinipigia jana. Muhula huu amechaguliwa yeye kuwa mjumbe wa idara yake, na tayari mwanafunzi mmoja mgeni amemwandikia usiku kwamba ameitwa ofisini. Aliniuliza kama bado ninalo kopo la baba. Ninalo. Mpira umeoza, nimeubadilisha, na juu ya karatasi zake za mshahara nimeweka daftari langu la saa za kazi.

"Yaya," alisema, "kesho ninapaswa kuwa kwenye mlango ule dakika kumi kabla. Niamshe."

Kwake itakuwa alfajiri. Nimeweka saa ya kengele.